Siku Niliyochungulia Kizazi cha Binti Yangu

Wanaonijua hapa Makanyagio wakiniona nimekaa kitako asubuhi wanakuja kuuliza naumwa nini. Kutulia sikuweza tangu utoto. Shuleni niliishia darasa la nne, na mwalimu alimwambia baba wazi kwamba akili ninayo, ila mimi na benchi hatupatani. Hata habari hii naiandika vipande vipande: mistari michache, natoka kugeuza mihogo juani, narudi, nasahau nilipofikia, naanza tena. Mtanivumilia.

Ni habari ya miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado mkoa wa Rukwa, na mtu akitaka jambo la serikali anakwenda mpaka Sumbawanga. Nilikuwa mkunga wa mikono, cheti sina. Mwanamke wa mtaa huu akishikwa na uchungu, mumewe alikuwa anapanda baiskeli na kuja kwangu kabla hajawaza hospitali. Nilikuwa na jina, na jina hilo nililipenda kuliko nguo, siwafichi. Nikipita sokoni watoto wadogo walionyeshwa: yule ndiye aliyekupokea. Nilikuwa nakaza shingo natembea kama mwenye mtaa.

Kazi nilifundishwa na shangazi yangu, dada yake baba. Alinifundisha kutazama kondo la nyuma, kuligeuza pande zote kama chapati, nione kama kipande kimebaki ndani. Hapo hakuwa na mchezo, ukizembea anakufinya. Lakini mimba iliyotoka kabla ya wakati, alisema, hiyo haitazamwi. Unatandika khanga kuukuu, unageuza uso, kinachotoka unakifunga hapo hapo na kukizika nyuma ya nyumba kabla jua halijafika barazani. Ukikitazama, wanaofuata watapita njia ile ile. Ndivyo tulivyoshika kwetu. Sikuwahi kumuuliza kwa nini kondo litazamwe na hiki kisitazamwe. Mikono yangu ilikuwa myepesi, kuuliza ndiko kulikokuwa kuzito.

Binti ninaye mmoja tu. Aliolewa Usevya, kwa Wasukuma walioshuka na ng'ombe kutoka Shinyanga wakatafuta majani huku kwetu. Mume hakuwa na neno, kijana wa kazi, mpunga wake ulikuwa unapendeza hata kwa jicho. Tatizo langu lilikuwa mama yake. Mkwe mwenzangu ni mwanamke mrefu, mkimya, bangili zimepanda mpaka karibu na kiwiko. Anaweza kukaa tangu chai mpaka chakula cha mchana anasuka kikapu bila kubadili mguu. Mtu wa namna hiyo mimi ananichosha kumtazama tu. Nilikuwa nasema moyoni, anayekaa kimya hivyo ana anachokificha.

Mwaka wa kwanza wa ndoa binti akapata mimba. Ilipofika miezi minne na siku zake akaja kunisalimia. Akateleza bombani na ndoo kichwani, akarudi nyumbani anacheka, anasema amejichafua matope tu. Kesho yake asubuhi damu ilikuwa imeloa mpaka kwenye godoro.

Jirani aliniambia nimpeleke hospitali wakamsafishe. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia watoto wako wote nimewapokea mimi, siku hizo hukuijua njia ya hospitali, leo ndiyo unionyeshe? Niliona ni aibu mkunga wa Makanyagio kumbeba binti yake mwenyewe kwenye baiskeli mchana, watu wanatazama. Nikatandika khanga, nikageuza uso, nikafunga, nikazika. Nilimkanda tumbo kwa maji ya moto siku tatu, nikamnywesha uji wa mtama, damu ikapungua. Nikampandisha lori arudi kwa mumewe.

Damu haikuisha. Ndivyo ilivyokuwa miaka mitatu. Siku zake zikija zinakaa siku kumi na zaidi, zikiondoka zinaacha matone, matone yanaacha maji yenye harufu, na tumbo la chini linamuuma kama mtu amemwekea jiwe. Mimba hakuna. Kila akija kwangu alikuwa amepungua, anaosha vitambaa vyake pembeni na kuvianika ndani ili watu wasione. Nilimpa mizizi yote ninayoijua. Mingine ilimtapisha, hakuna uliomsaidia.

Mimi nikatafuta mwenye kosa, na nilimpata haraka. Siku moja ya soko mkwe mwenzangu alikuja Mpanda na magunia ya mchele. Nilisimama upande wa pili wa wauza mchele, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza dagaa kwamba kuna maboma huko Usevya yanakula watoto, na mwenye boma amekaa hapa anapima mchele kama mtu mwema. Yeye alikunja mdomo wa gunia lake, akalifunga kwa kamba taratibu, akaondoka na mchele nusu haujauzwa. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nasema ukweli wangu, nilifurahi.

Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu, na haikupita muda tukasikia Usevya kuna binti mwingine ameshaonwa. Wakishavuna mpunga angeletwa awe mke wa pili. Binti yangu alinieleza hilo akiwa anachambua mboga, hata hakuinua kichwa. Alisema, "Mama, wa pili akizaa, mimi nitakuwa nani pale? Nitakuwa mpishi wa watoto wake."

Mvua zilikuwa zinaelekea kwisha, mpunga umeshaanza kuinamisha vichwa. Sikulala vizuri, sikula vizuri. Nilikuwa nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Ndipo nesi mmoja wa hospitali akapita kwangu. Tulizoea kugombana, yeye akidai nachelewesha wagonjwa, mimi nikidai wao wanawafokea wazazi. Safari hii alikuja na habari. Kuna daktari wa wanawake amefika na treni, mama mtu mzima, Mtanzania mwenzetu aliyesoma mbali, na amekuja na sanduku la bati ambalo njia nzima hakukubali mtu alishike. Ndani kuna kijibomba chembamba chenye taa. Kinapitishwa kwenye mlango wa kizazi, daktari anaweka jicho upande wa nje, anaona ndani. Mgonjwa hapasuliwi, halazwi usingizi, anafanyiwa kwenye chumba cha kawaida na siku hiyo hiyo anarudi kwake. Atakaa wiki chache tu.

Nilimwambia nesi aache kunichezea. Akasema, "Wewe mlete mtoto, maneno utayasema baadaye."

Nikatuma ujumbe kwa dereva wa lori la mchele. Siku nne nilikuwa napanda na kushuka barabara ya stendi. Kila lori linalotoka Sitalike, njia ya Usevya, nalitazama abiria mmoja mmoja, mpaka makondakta wakaanza kunitania kwamba mama huyu ana mpenzi huko porini. Siku ya tano binti akashuka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake akashuka mama mkwe wake na kikapu chake.

Hakunisalimu. Aliyekaa na Wasukuma anajua uzito wa jambo hilo. Hawa ni watu ambao salamu yao ni ndefu, maharage yanaiva kabla haijaisha. Alinipita akaenda kusimama kivulini, binti akaniambia kwa sauti ndogo kwamba amekuja mwenyewe, hakuna aliyemwita, amesema anataka kusikia kwa masikio yake daktari atakachosema.

Asubuhi yake tulikuwa hospitali watatu. Daktari alikuwa mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, anaongea polepole kama anayekupa kitu mkononi. Alimuuliza binti habari za siku zake, maumivu, harufu. Kisha akauliza kama kuna mimba iliyowahi kuharibika. Binti akasema moja. Ilikuwa na miezi mingapi? Akasema. Ilitokea wapi, alisafishwa wapi?

Binti alitazama sakafu. "Nyumbani. Mama alikuwepo."

Nami nikadakia kabla sijaulizwa kwamba ilitoka yote, mimi ni mkunga, ninajua. Daktari alinitazama juu ya miwani, akaandika. Mkwe mwenzangu alikuwa mlangoni, na niliona mkono wake umesimama kwenye kikapu.

Walimpima mkojo kwanza wahakikishe hana mimba, wakampa vidonge viwili vya maumivu, tukaambiwa tusubiri kwenye benchi mpaka vifanye kazi. Benchi lile silisahau. Mkwe mwenzangu upande mmoja, binti katikati, mimi upande wa pili nainuka na kukaa. Nilikwenda kunywa maji, nikarudi. Nilisoma matangazo yote ukutani, ya chanjo na ya vyoo, nikayasoma tena. Mara ya sita nilipoinuka mkwe mwenzangu aliongea bila kunitazama, akimwambia binti, "Mwambie mama yako benchi lina miguu mifupi, akiendelea hivyo atatuangusha wote." Binti alicheka, mkono ameweka mdomoni. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka tangu afike.

Ndani waliruhusu mtu mmoja, nikaingia mimi. Kitanda cha kawaida, shuka ya kijani, ndoo chini, chupa ya dripu imening'inia. Daktari akaona ninavyolitolea macho lile bomba. Lilikuwa jembamba kuliko penseli, linang'aa, mwisho wake mmoja kuna kioo cha kuwekea jicho na waya unaokwenda kwenye sanduku la taa.

Akaniuliza kama nimewahi kuosha kibuyu cha maziwa. Nikamwambia hata leo nimeosha. Unajuaje kama ndani kumetakata? Nikasema unatia maji na kokoto, unatikisa, unamwaga, unanusa.

"Basi sisi miaka yote tulikuwa tunatikisa kibuyu," alisema. "Hata tukisafisha kizazi tunakwangua kwa kuhisi mkono, mwingine tunamwachia kitu ndani, mwingine tunamuumiza ukuta. Hiki kinatufanya tuchungulie. Maji ya dripu yatakwenda kufungua nafasi ndani, maana kizazi kimelala kama mfuko mtupu. Atasikia kama maumivu ya siku zake. Akisema basi, tunasimama."

Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya jengo, taa ya sanduku ikawaka nyeupe. Binti alinishika kidole gumba. Daktari akawa anaingiza huku anamsimulia, hapa ni mlango, sasa nakohoa kidogo, ukohoe na mimi, tayari, nimepita. Binti alikaza meno, akasema inauma lakini si sana, kinachomsumbua ni mimi ninayetikisa kitanda. Kweli nilikuwa natikisa, goti langu lilikuwa linagonga chuma.

Daktari alizungusha bomba kidogo, akarudi, akazungusha tena. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo. Halafu akasema, jicho liko pale pale kwenye kioo, "Mama mkunga, njoo utazame."

Nilizunguka. Aliniambia nifumbe jicho moja na nisiguse kitu. Mwanzoni niliona mwanga tu, kisha nikaona chumba. Sijui niseme vipi. Miaka yote hiyo nimefanya kazi mlangoni mwa chumba kile, sikuwahi kuona ndani. Kuta zake nyekundu hafifu, laini kama ulimi wa ndama, maji yanapita yakitikisa nyuzi ndogo ndogo. Na kwenye kona ya juu, vimekwama ukutani, vilikuwepo vijiti vyeupe, vyembamba, vimelala kama miiba ya samaki mgebuka mtu alipomaliza kula.

Daktari akasema kwa upole, "Unaviona? Hii ni mifupa. Ni ya mimba ile. Ikikaa humo inafanya kazi kama kile kitanzi cha uzazi wa mpango, mimba haishiki, na ndiyo inayoleta damu na harufu."

Nilitoa jicho kwenye kioo. Shangazi yangu alinijia usoni na khanga yake kuukuu, amegeuza shingo. Miaka mitatu. Kama ningefungua fundo lile nikatazama kama ninavyotazama kondo, ningeona mwili wa mtoto haujatimia. Ningebeba binti kwenye baiskeli mchana kweupe na aibu yangu yote.

Binti alikuwa amesikia. Alinivuta kidole, nikainama. Akaninong'oneza, "Mama, usimwambie mama mkwe. Sema ni uvimbe."

Daktari alikuwa ameshapitisha koleo ndogo, ndogo kama kibano cha kutoa mwiba, pembeni ya lile bomba, na kipande cha kwanza kilishatoka, ndipo jenereta ikakohoa mara mbili na kunyamaza. Taa ikafa. Daktari akatoa bomba taratibu, akamfunika binti, akasema tusubiri, hakuna haraka, bila kuona yeye hashiki kitu. Alikuwa mtulivu kama anayesubiri maji yachemke. Mimi nilishindwa. Nikafungua mlango nikatoka.

Mkwe mwenzangu aliinua uso. Kikapu kilikuwa kimepanda vidole vinne tangu niingie. Akaniuliza moja kwa moja, yule aliyekuwa hanisalimii, "Wameona nini?"

Nikasema, "Taa imezimika." Nikampita.

Nyuma ya jengo fundi wa jenereta alikuwa amepiga magoti ananyonya dizeli kwa mpira kutoka kwenye pipa, anatema, anatukana pipa. Nikamshikia faneli kwa sababu mikono yangu ilitaka kushika kitu. Mbele yangu kulikuwa na kinjia kinachokatisha mashamba ya mihogo mpaka nyumbani. Nilikitazama sana. Neno lenyewe lilikuwa limeshaandaliwa, uvimbe. Nani angekataa? Wanawake wangapi wana uvimbe. Daktari baada ya wiki mbili yuko kwenye treni. Nesi nitamziba mdomo kwa kuku. Binti mwenyewe amekubali. Ningebaki na jina langu, watoto wangeendelea kuonyeshwa, yule ndiye aliyekupokea.

Na yule pale kwenye benchi angebaki na lake nililompa mbele ya wauza mchele.

Nilijimwagia dizeli viatuni. Fundi akaniambia, "Mama, kama hujui kushika faneli kaa pembeni." Nikamwambia nimeshika vigumu kuliko hivi. Akasema sionekani mtu wa kushika chochote leo. Jenereta ikawaka, ikanguruma, nikarudi mbio. Mara ya pili nilimpita mkwe mwenzangu bila kumwangalia.

Daktari alimaliza kazi yake. Kila kipande alikiweka kwenye bakuli la chuma, na kila kimoja kilifanya sauti ndogo, ti. Mwisho akazungusha bomba pande zote, akatazama kona zote, akaniita nitazame tena. Chumba kilikuwa kitupu. Ukuta ulivuja damu kidogo mahali vilipokwama, basi. Akamuuliza binti kama anataka kuona vilivyotoka. Nilitaka kusema kwetu havitazamwi. Mdomo ulifunguka kabisa. Binti alishainuka kwa viwiko, akatazama, akatazama muda mrefu, machozi yakawa yanapita pembeni yakiingia masikioni. Akasema, "Alikuwa na mifupa mizuri."

Daktari alibakiza kimoja cha kupeleka maabara. Vingine nilimwomba. Alisita, akavifunga kwenye pamba akanipa.

Nilitoka, nikakaa kwenye benchi. Nilikaa kweli, mgongo ukutani. Nikafungua pamba kwenye kiganja, nikakisogeza mbele ya mkwe mwenzangu.

Nikamwambia, "Hiki ndicho kilichokuwa kinazuia. Ni cha mimba ile iliyotokea kwangu. Mimi ndiye niliyemhudumia, nikazika bila kutazama. Hospitali nilikataa. Boma lako halikula mtoto."

Alitazama kiganja. Aliweka kikapu chini, na hiyo sikuwahi kuiona. Kwa kidole kimoja akagusa kijiti kimoja, akakigeuza. Nilimsikia anapumua puani. Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane nipate pa kuanzia.

Akauliza, "Atazaa?"

Nikasema daktari anasema kizazi chake ni kizima, damu itatulia, wapumzike miezi miwili mitatu kisha wajaribu.

Akafunga pamba kwa mkono wake, akaikunja ndani ya kiganja changu, akavibana vidole vyangu juu yake. Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya kupima mchele, "Mimi ulinitangaza sokoni. Hapa kuna benchi na ukuta. Utakwenda kusema pale pale uliposema."

Siku ya soko ilikuwa keshokutwa. Sijui niliishije hizo siku mbili. Nilipalilia bustani isiyo na majani. Nilikwenda Magamba kwa miguu kumwona rafiki ambaye sikuwa na shida naye, nikageuka kabla ya kufika. Binti alinisihi niache, akasema mama mkwe atasahau. Nikamwambia mimi ningesahau? Tulizika pamba ile nyuma ya nyumba, mimi na yeye, mchana, macho wazi.

Soko lilijaa. Mkwe mwenzangu alikuwa mahali pake, kisado cha kupimia mchele mkononi. Nilisimama upande ule ule wa siku ile. Sauti yangu, ambayo humwita mtu kutoka mtaa wa pili, ilitoka kama ya kuku aliyemeza punje kubwa, ikabidi nianze upya. Nikasema mwanangu aliharibikiwa mikononi mwangu. Nikasema kilichobaki tumboni mwake kimetolewa hospitali juzi, nimekishika. Nikasema maneno niliyosema hapa juu ya mama huyu yalikuwa uongo, na mwenye mke au binti aliyeharibikiwa nyumbani kwangu ampeleke akachunguliwe.

Mwanamke wa dagaa akasema, "Kumbe mkunga ni kama kinyozi, naye hunyolewa." Wakacheka. Mwingine akauliza kama binti yake niliyemhudumia mwaka juzi nilitazama au niligeuza shingo. Hilo halikuwa utani. Nilimwambia sikutazama, ampeleke. Alinitazama kwa namna ambayo hata leo nikiikumbuka nasimama naanza kutembea. Wa kwake alikuwa salama, tulijua baadaye, lakini siku ile hatukujua.

Nilitaka kukimbia. Mkwe mwenzangu akaweka kisado chini.

"Mwangaluka," alisema.

Ndiyo salamu ya Kisukuma ya asubuhi. Nikaitikia. Akaniuliza nimeamkaje, na nyumba imeamkaje, na watoto, na majirani, na mvua ya kwetu imekaaje, na mihogo, na miguu yangu. Kila moja alingoja jibu lake. Watu wanapita na magunia, wananisukuma, jua linachoma, miguu inaniwasha mpaka kwenye kisigino. Sikusogea hata hatua moja mpaka alipomaliza.

Yule binti wa pili hakuletwa. Mpunga ulivunwa, mama huyo huyo akamwambia mwanawe asubiri. Na mwaka uliofuata binti yangu akaja kwangu na tumbo. Safari hii nilimpeleka mwenyewe hospitali kwa baiskeli ya kukodi, mchana, katikati ya barabara, nikisalimia kila mtu.

Sikuruhusiwa kuingia. Tulikaa kwenye benchi lile lile, mimi na mkwe mwenzangu, na nilipoinuka mara ya tatu alishika pindo la khanga yangu akalikalia, akaendelea kusuka. Tukasikia mtoto. Sauti kama tarumbeta, msiseme nasifu kwa sababu ni wangu, hata nesi alisema. Ni mjukuu wangu wa kwanza, na leo ana watoto wake, na hana anayemzidi kwa kutokutulia.

Nesi alitoka anafuta mikono, akaniambia, "Bibi, hongera, ni msichana."

Nikamuuliza, "Kondo mmelitazama?"

Akacheka. "Tumelitazama."

"Pande zote?"

"Pande zote, bibi. Kaa chini."